Mwamba Usiokuwapo

Wapo wanaosema nchi ya Shwari haipo duniani. Wanaosema hivyo hawajatobolewa chombo. Mize alifika huko asubuhi moja, meli yao ya mizigo imelalia ubavu, pampu mbili zinatapika maji, na yeye mpishi kasimama sitahani na mwiko mkononi, maana hata kuuweka chini alikuwa amesahau.

Gatini alikuwapo ofisa mmoja, shati limepigwa pasi mpaka linakata, daftari limefunguliwa tayari.

"Poleni sana," akasema. "Amekufa nani?"

"Hajafa mtu," akajibu Nahodha Ngwali, mjomba wake Mize, ndugu wa tumbo moja na mama yake. "Mungu katuhifadhi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na mahututi? Wa kusubiri subiri hivi?"

Watu tisa wa meli wakatazamana. Fundi wa mashine alikuwa ameungua kiganja kwa chai ya moto meli ilipogonga. Akajitokeza kwa haya, akaunyosha mkono. Ofisa akaukagua juu na chini, akatikisa kichwa, akafunga daftari.

"Basi mna kesi," akasema, na akaondoka zake.

Kosa lao wakaja kulielewa pole pole, kama mtu anavyoelewa ugonjwa wake kwa kuuliza majirani. Shwari ni nchi ya visiwa, imezungukwa na miamba kama mdomo ulivyozungukwa na meno, na sheria yake ya kwanza imechongwa juu ya mlango wa forodha: MWAMBA NI ULE ULIOUA. Ambao haujaua haujawa mwamba, ni fununu, na fununu haziandikwi kwenye ramani. Wakubwa wa huko hukueleza kwa upole kabisa kwamba ukianza kuandika kila fununu, watu wataogopa kusafiri, na nchi ya visiwa isiyosafiri itakula nini?

Mwamba ukishaua, hapo mambo hubadilika. Hupewa jina la ukoo wa nahodha aliyeufia, huchorwa kwa rangi nyekundu kwenye Ramani Kuu iliyo ukutani mwa Baraza, na kila mwaka ukoo huo hupika pilau na kualika watu. Binti akiposwa, upande wa mume hauulizi kazi wala tabia. Huuliza, "Mwamba wenu watu wangapi?" Ukoo wa watu arobaini hauketi mkeka mmoja na ukoo wa watu watatu. Mize aliwaona wazee wawili wakigombana barazani mpaka mate yanaruka, mmoja akidai mwamba wao uliua kumi na sita, mwenzake akisema mmoja kati ya hao alikuwa amekufa kwa pumu kabla ya kugonga, kwa hiyo ni kumi na tano, na kila mtu akae nafasi yake.

Sasa meli yao ilikuwa imegonga kwenye mlango wa bahari wa kusini, mahali ambapo ramani ya Shwari ilikuwa nyeupe kama unga. Imetoboka, haikuzama, hajafa mtu. Kwa maana hiyo wamegonga kitu kisichokuwapo. Na kugonga kisichokuwapo, kisha ukaja kukisema hadharani, huitwa kuchafua maji, na kuna adhabu yake.

Jambo moja lilimkereketa Mize kuliko adhabu. Alikuwa ameyaona yale maji. Alikuwa mlangoni mwa jiko, anamwaga maji ya mchele, akaona mbele yao bahari imetulia kote isipokuwa duara moja, pana kama uwanja wa nyumba, linazunguka na kufurukuta. Mtu aliyeishi na masufuria anajua kwamba maji hayachemki bure. Alitaka kupanda kwa mjomba. Kisha akaiwaza ile ramani iliyochorwa na watu waliosoma, na yeye darasa lake la saba, akaona aibu, akarudi ndani kutazama wali. Ndipo sufuria ikaruka.

Alipewa chumba kwa mwanamke mmoja mjane, Bi Shekue, mwembamba, mwenye macho ya kutokulala. Wanaume waliwekwa ndani ya chombo chao wazibe tundu kwa mbao na saruji. Siku ile ya kwanza Mize alitumwa sokoni kununua vitunguu, akapita mtaa wenye maduka saba yaliyofuatana, yote rafu tupu, wenyewe wamekaa vibarazani wanapiga miayo.

"Wale wanauza nini?" akamuuliza Bi Shekue aliporudi.

"Walikuwa wanauza kofia."

"Maduka saba ya kofia?"

"Hayakuwa yakitosha, mwanangu." Bi Shekue alikuwa hakai. Alikwenda dirishani, akayatazama maji, akarudi, akachukua kisu, akakiacha, akaenda tena dirishani. "Hapa kwetu nahodha haruhusiwi kukata usukani kwa kitu ambacho hakimo kwenye ramani. Akikata, ameitukana bahari, anavuliwa unahodha. Ila anaruhusiwa kugeuza kufuata kofia yake ikipeperuka, maana kofia ya nahodha ni heshima ya serikali. Umefahamu?"

Mize alifikiri kidogo. Akacheka, kisha akajiona amekosea kucheka.

"Wanazitupa."

"Wanazitupa. Kila nahodha akifika pale, kofia puu! majini. Anageuza, anaifuata, anapita salama. Mwanangu Pandu, nahodha wa pantoni, alikuwa akitupa mbili kwa siku, ya kwenda na ya kurudi. Ufuo wa nyuma ya kilima umejaa kofia kama madafu. Sasa juma lililopita Baraza limekaa, limeona kofia zinapotea mno, limepiga marufuku. Nahodha asafiri kichwa wazi." Akaenda dirishani. "Tangu wazipige marufuku maji yamekuwa mafu, hayatoki sana, Pandu anapita juu juu. Kesho ni bamvua."

Mize hakuhitaji kuelezwa bamvua. Maji yatatoka mpaka bahari ionyeshe mbavu zake.

"Kwani hamjawaambia?"

"Mume wangu aligonga pale, na mashua, na watu sita. Pana kina kirefu ubavuni, chombo kikigonga kinateleza, kinakwenda chini moja kwa moja. Haukuonekana ubao. Baraza likaandika kwamba wamehama nchi bila kuaga." Bi Shekue akakichukua tena kile kisu, mara hii akaanza kumenya kitunguu. "Miaka minane sasa. Ati wamehama."

Kesi ilisikilizwa asubuhi ya pili. Baraza la Miamba lina wajumbe kumi na wawili, na kiti cha juu hukaliwa na Mkuu wa Ramani, mtu mnene mtaratibu, sauti yake kama mafuta ya nazi. Watu walijaa mpaka madirishani. Mize alisimama nyuma ya mjomba wake, akitazama si wajumbe bali mwanga wa jua sakafuni, namna ulivyokuwa unasogea. Maji yatakupwa saa sita.

"Nahodha," Mkuu akaanza, "mligonga nini?"

"Mwamba, mheshimiwa."

"Mwamba upi?"

"Ule wa mlango wa kusini."

"Jina lake?"

"Silijui."

"Hulijui au hauna?"

"Labda hauna."

"Nani kakwambia kitu kisicho na jina ni mwamba?" Mkuu akawageukia wenzake kwa huruma. "Andikeni, mshitakiwa hajui alichogonga."

Mjumbe mmoja mwenye ndevu za hina akasimama. Akasema yeye amekuwa barazani miaka thelathini na kwa uzoefu wake meli hujitoboa yenyewe kwa woga wa mabaharia, kama tumbo la mwanafunzi linavyouma siku ya mtihani. Mwingine akasema hapana, tundu lilikuwapo tangu walikotoka, walikuja nalo. Fundi wa mashine akashindwa kunyamaza.

"Tumekuja nalo vipi, bwana wee? Siku nne baharini na tundu la kupita mbuzi?"

"Ndiyo maana mnashitakiwa," akajibu yule mjumbe. "Hamkulitangaza."

Watu wakapiga makofi. Nahodha Ngwali akauma mdomo.

Hukumu ikatoka upesi, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa jana yake. Inaitwa Marudio. Leo hii, saa sita, maji yakiwa yametoka, meli itarudishwa mlango wa kusini na watu wake wote tisa, ipite palepale, kwa mwendo uleule. Ikipita salama, wao ni waongo na watafungwa. Ikizama, basi mwamba upo, wameonewa, na utachorwa kwa rangi nyekundu na kuitwa Mwamba wa Ngwali.

"Ni heshima kubwa kwa mgeni," Mkuu akaongeza. "Watu tisa si haba."

Mize alipiga hesabu kichwani. Safari ile waligonga maji yakiwa ya kati na bado sufuria iliruka. Leo pakavu vile, na saruji ambayo haijakauka. Mjomba wake alikuwa anazungusha zungusha pete kidoleni. Mjomba aliyemwambia mama yake, nipe huyu mtoto nikampe kazi, nitamrudisha.

"Kwa mila yetu," akasema Mkuu, "kila anayekwenda Marudioni ana swali moja. Ulizeni."

Mabaharia wengine hawakuuliza kitu. Fundi aliuliza kama kuna njia ya kukata rufaa, akaambiwa ipo, baada ya Marudio. Nahodha Ngwali aliuliza kama mpishi anaweza kubaki nchi kavu, kwa kuwa yeye hakushika usukani. Akajibiwa hapana, tisa ni tisa, wakipungua hesabu ya mwamba itakuwa na kasoro. Zamu ikafika kwa Mize.

Alikuwa amewasikiliza tangu asubuhi bila kufungua kinywa, na katika yote waliyosema kuna dogo moja lilikuwa limemkwama kama mwiba wa samaki.

"Mimi nataka kujua," akasema, "atakayechora ni nani?"

"Atakayechora nini, binti?"

"Mwamba. Karani amesoma kifungu hapa, amesema mwamba huchorwa na mjumbe aliyeuona ukiua kwa macho yake, si kwa kusimuliwa. Nami nimekaa nyumba ya juu kabisa ya mji, mlango wa kusini hauonekani, umefichwa na kilima. Na pale, nilipoyaona maji yakifurukuta kabla hatujagonga, chombo hakibakizi hata ubao, kinateleza chini. Sasa sisi tukifa, nyinyi mtajua vipi tumekufa? Mtaandika tumehama."

Upande wa wanawake mtu akakohoa, na Mize aliijua sauti ile.

Karani akafungua kitabu, akafunga, akafungua tena. "Kifungu kipo, mheshimiwa," akanong'ona. "Lazima mjumbe awepo. Ndani ya chombo."

"Basi mjumbe atapanda," akasema Mkuu wa Ramani. "Sheria haina upendeleo. Nani atapanda?"

Hapo ndipo Mize aliposikia mjadala ambao, alivyosimulia baadaye, ulikuwa na akili kuliko yote aliyowahi kusikia katika nchi ile. Mwenye ndevu za hina alisema yeye anaamini kabisa kwamba hakuna mwamba, na ndiyo sababu hana haja ya kwenda kuutazama. Mwenzake akasema hoja ni nzuri, kwa hiyo aende mwenye shaka. Ila hakupatikana mwenye shaka. Mmoja akasema kichefuchefu. Mmoja akasema mkewe karibu kujifungua, na mkewe, aliyekuwa dirishani, akapaza sauti, "Miye? Mjukuu wangu ana ndevu!" Watu wakacheka mpaka askari wakagonga mikuki chini. Mjumbe mfupi aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi akapendekeza watu wasafiri, wazame, halafu wajumbe waende kuona kesho yake, maji yakijaa, kwa boti nzuri.

"Tutaona nini kesho?" akauliza karani.

"Ndiyo hivyo. Hatutaona kitu."

Jua sakafuni lilikuwa limeshafika miguuni pa viti vyao. Wakapiga kura kwa mawe kumi na mawili ndani ya mfuko, kumi na moja meupe, moja jeusi. Jeusi likatoka mkononi mwa Mkuu wa Ramani.

Alilitazama muda mrefu. Alipouliza tena, sauti ile ya mafuta ilikuwa imeganda.

"Binti. Hayo maji uliyoyaona. Yalikuwa upande upi wa chombo?"

"Kulia, mheshimiwa. Yanazunguka."

"Yanazunguka," akarudia Mkuu. "Baraza litapumzika kidogo."

Walipumzika muda wa kuchemsha maharage. Waliporudi, karani alisoma azimio, jasho linamtiririka. Baraza, kwa hekima yake, limeona kwamba mwamba wa mlango wa kusini upo, lakini upo kwa muda, na upo kwa chombo chochote kilichobeba mjumbe wa Baraza. Kwa kuwa meli ya washitakiwa ilikuwa ibebe mjumbe, basi kwao mwamba ulikuwapo, hawakusema uongo, Marudio yamefutwa, waondoke kwa maji yaleyale na wasirudi. Kwa vyombo visivyo na mjumbe, sheria ya zamani inaendelea, na mwamba haupo.

Watu wakashangilia. Mabaharia wakakumbatiana, fundi akalia waziwazi. Mize hakushangilia. Alikuwa anamtafuta Bi Shekue kwa macho.

Bi Shekue alikuwa ameshafika mezani kwa karani.

"Hebu nisomee tena, baba. Pole pole. Miye si msomi."

"Mwamba upo kwa chombo chochote kilichobeba mjumbe."

"Chochote?"

"Chochote ni chochote, mama."

"Hata pantoni?"

Karani akainua uso. Alikuwa mtu mwerevu, na alichokiona usoni pa yule mama kilimfanya aweke kalamu chini taratibu. "Hata pantoni," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Mkuu wa Ramani alikuwa anashuka ngazi za Baraza, anajifuta shingo, pale Bi Shekue alipomshika mkono, kama mtu anavyomshika mgeni wa heshima.

"Mwanangu anang'oa nanga saa sita," akamwambia. "Ana abiria themanini na kichwa wazi. Nimekuja kukuchukua, bwana mkubwa."

"Mama, mimi nina shughuli—"

"Twende. Kura ilikuangukia wewe. Marudio wameyafuta, kura haikufutwa. Au imefutwa, karani?"

"Haikutajwa," akasema karani kutoka juu.

Wanawake walikuwa wameshamzunguka, hawakumgusa, walitembea tu, na kila alipotaka kupita palikuwa na mama mmoja anayemwamkia. "Shikamoo, mheshimiwa." "Shikamoo, baba." Akajikuta gatini. Akajikuta ndani.

Meli ya Nahodha Ngwali iling'oa nyuma ya pantoni, maana njia ya kutokea ilikuwa hiyohiyo, injini ikikohoa, saruji ikivuja kidogo kidogo. Mize hakuweza kukaa jikoni. Alisimama omo, mbele kabisa ya meli, kashika waya, akitazama mgongo wa pantoni na vichwa vya watu, vikapu, baiskeli, kuku. Kilima kikapita. Mlango wa kusini ukafunguka mbele yao, maji yametoka mno, na pale, kulia, aliliona. Duara. Mara hii halikufurukuta tu, lilikuwa linatema povu.

Pantoni ilikwenda moja kwa moja.

"Mbona hageuzi?" akasema. "Mjomba, mbona hageuzi?"

Upepo ulikuwa ukiwaletea sauti. Mkuu wa Ramani alikuwa mbele kabisa, kashika ukingo kwa mikono miwili, tumbo limegandamana na chuma.

"Kata kushoto!" akapiga kelele. "Pandu! Kata kushoto!"

"Kwani kuna nini, mheshimiwa?" Pandu akaitika kutoka usukani, kichwa wazi, kwa adabu zote.

"We kata tu!"

"Siwezi kukata bure, mheshimiwa. Nitavuliwa unahodha. Kuna nini?"

"Kuna... maji si mazuri!"

"Maji mazuri kabisa haya. Ramani nyeupe."

Abiria wote themanini walikuwa wanamtazama mtu mmoja. Hata kuku walikuwa wamemgeukia, au Mize ndivyo alivyoona. Povu lilikuwa karibu kiasi cha kurusha jiwe. Bi Shekue alikuwa kasimama kando ya mwanawe, mkono wake begani pake, na mkono ule haukumsukuma wala kumzuia.

"Mwamba!" akalia Mkuu wa Ramani. "Upo! Mwamba upo! Uko hapa, nauona, Pandu, Wallahi nauona kwa macho yangu!"

Pandu akakata. Pantoni ikainama, vikapu vikaviringika, watu wakashikana, na povu likapita ubavuni karibu mno hata waliokaa kulia walirowa mapajani. Mama mmoja akaanza kupiga vigelegele, vikaenea chombo kizima, na Mkuu wa Ramani akaketi chini juu ya gunia la mtu, uso kauficha kwa viganja.

Mize aligundua kwamba alikuwa ameshika waya mpaka viganja vimechubuka. Akageuka. Mkondo ulikuwa umeikamata meli yao sasa, unaivuta kulia, kulekule.

"Mjomba," akaita, "sisi hatuna mjumbe!"

"Basi kwetu haupo," akasema Nahodha Ngwali, na akaukata usukani kushoto kwa nguvu zake zote.